Vikokotoo vya umbali mtandaoni: vinamfaa vipi msafiri wa Mombasa?

Andika Mombasa na Nairobi kwenye kikokotoo cha umbali, utaletewa takriban kilomita 440 kwa anga na 480 na ushei kwa barabara. Kwa safari hii kinaaminika kabisa, maana njia ya Mariakani, Voi, Mtito Andei na Emali haiendi mbali na mstari wa ndege.

Sasa weka Dar es Salaam. Anga ni kama 307, barabara inakaribia 520! Hapo si kosa la kikokotoo. Ukishavuka mpaka wa Lunga Lunga na kukaribia Tanga, barabara kuu inaiacha pwani, inapinda bara hadi Segera, inateremka Chalinze, ndipo inarudi mashariki kuelekea Dar. Kupitia Msata na Bagamoyo hukata ile kona ya Chalinze. Anayepanga bajeti ya mafuta kwa namba ya anga ataishiwa njiani, kwa hiyo soma namba zote mbili kila mara.

Udhaifu mkubwa uko kwenye saa. Vingi hugawanya umbali kwa mwendo mmoja tu. Basi la abiria kisheria halipiti kilomita 80 kwa saa, na 480 gawanya kwa 80 ni saa sita bila kusimama hata mara moja. Ongeza misururu ya malori Mazeras na Mariakani, na mapumziko ya Mtito Andei: panga saa nane hadi kumi. Kwa ndege, wakigawanya kwa 900 wanakupa nusu saa, wakati kupaa na kushuka peke yake hula sehemu kubwa ya safari. Tenga saa nzima, mbali na muda wa kukaguliwa uwanjani.

Chagua viwanja vya ndege, si majina ya miji, ukitaka namba ya safari yenyewe. Moi hadi Jomo Kenyatta ni takriban 422, kwa sababu Moi uko magharibi ya kisiwa na Jomo Kenyatta uko kusini-mashariki ya Nairobi: vinaelekeana.

Anayejaza latitudo kwa mkono aangalie alama ya kutoa, kwani miji yote hii iko kusini ya ikweta. Mombasa ni -4.05, Nairobi -1.29. Ukiisahau kwa mmoja tu, 440 inageuka 670, na kikokotoo hakitakuonya. Kagua pia kipimo: 237 ni maili za baharini, 273 ni maili za kawaida, safari ni ile ile.

Kwa wanaoshuka Pwani Kusini, mstari wa ramani hupita Likoni kana kwamba pana daraja. Feri haihesabiwi vizuri, hasa asubuhi na jioni. Mwenye gari anayetoka Miritini au Changamwe aburute mstari upite barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kivukoni: foleni ya feri ataikwepa.