Bima ya Duka Dhidi ya Ghasia: Tathmini ya Mfanyabiashara wa Mwanjelwa

Kwa mwenye fremu ya biashara Mwanjelwa, Kabwe au Mafiati, bima ya moto ya duka iliyoongezewa kipengele cha ghasia, migomo na uharibifu wa makusudi ni huduma ninayoipendekeza, lakini siipendekezi kama inavyouzwa. Mkataba ninaoufanyia tathmini niliukata kupitia wakala mmoja wa hapa jijini Mbeya kwa ajili ya duka la vitenge na mablanketi. Kampuni sitaitaja, kwa sababu nilipolinganisha hati yangu na za majirani waliokata bima kwingine, vipengele vya ghasia vilikaribia kufanana neno kwa neno, na kwa hiyo ninayoyasema yanaihusu aina nzima ya bima hii.

Kuhusu moto, wafanyabiashara wa jiji hili hawahitaji kuhubiriwa. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la Sido likaungua mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Kuhusu ghasia, wengi wetu tumekuwa tukiishi kana kwamba ni mambo ya Dar es Salaam, ilhali Novemba 2011 wamachinga na polisi walipambana hapa hapa Mwanjelwa, njia kuu ya kwenda Zambia ikafungwa, jeshi likaletwa, na vijana wakatulia baada ya kuzungumza na mbunge wa wakati huo, Joseph Mbilinyi. Iringa waliyaona ya kwao katika eneo la Mashine Tatu mwaka 2013. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ambapo maandamano na ghasia zilikumba miji kadhaa, ikiwemo Mbeya na Tunduma. Kila yalipotokea hayo, mazungumzo ya watu yalihamia mara moja kwenye maswali mawili: polisi wametumia nguvu kiasi gani, na waliokamatwa wapewe adhabu gani. Ni maswali mazito, hasa pale ambapo watu wamepoteza maisha, na hakuna bidhaa dukani inayoweza kuwekwa kwenye mizani moja na roho ya mtu. Hata hivyo, katika mabishano hayo yote hasikiki anayeuliza mwenye duka lililovunjwa atafungua lini na kwa mtaji gani. Bima hii ndiyo huduma pekee ninayoijua katika mji wetu inayoanzia kwenye swali hilo, na ndiyo sababu naitetea.

Upande wa bei sina malalamiko. Ada ya msingi huhesabiwa kama sehemu ndogo ya asilimia moja ya thamani ya mzigo, nyongeza ya ghasia huongeza kidogo tu, na kwa mzigo wa shilingi milioni 40 jumla yangu ya mwaka haikufika laki tatu, VAT ya asilimia 18 ikiwemo. Ni lazima ulipe kwanza ndipo bima ianze, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ataanza kukulinda leo na utamlipa mwisho wa mwezi. Ukishapewa hati, hakiki namba yake katika mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ili ujue kama bima yako imesajiliwa kweli. Niongeze hapa jambo linalowapoteza wapangaji wengi wa masoko: Sheria ya Bima, baada ya marekebisho ya mwaka 2022, imeyaweka masoko ya umma na majengo ya biashara katika bima za lazima, lakini bima hiyo ni ya jengo. Marobota ya vitenge yaliyomo ndani ya fremu hayamo, na asiyeyakatia bima yake mwenyewe hana chochote cha kudai.

Kasoro kubwa ya kwanza ni uporaji. Nyongeza ya ghasia niliyouziwa inalipa iwapo kundi la watu litavunja milango, litachoma mzigo au kuharibu rafu, lakini katika kurasa za ndani imeandikwa kwamba mali iliyoibwa wakati wa ghasia haimo. Nilipoifungua bima ya wizi niliyokuwa nayo pembeni, nikakuta yenyewe inalipa wizi wa kuvunja, isipokuwa ule unaotokea wakati wa ghasia. Maana yake ni kwamba mlango wangu ungelipwa na mablanketi yangu yasingelipwa na mkataba wowote kati ya hiyo miwili, ilhali kila aliyewahi kuona vurugu za mjini anajua kwamba mzigo hubebwa zaidi kuliko unavyochomwa. Wakala hakuniambia hilo wakati wa kuuza. Nilipoliuliza, alikubali kuomba kipengele cha uporaji kiongezwe kwa maandishi, na kikaongezwa kwa ada ndogo ya ziada. Kwa hiyo inawezekana, ila mteja asipouliza hapewi, na jambo hilo kwa bidhaa inayouzwa kwa watu wasio na wanasheria ni kosa la kulaumiwa waziwazi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu mteja hana uwezo wa kuirekebisha peke yake. Mkataba unalipa ghasia, lakini unatoa nje vita, uasi, mapinduzi, na vurugu zilizofikia kiwango cha umma kuinuka dhidi ya mamlaka. Mpaka kati ya ghasia inayolipwa na uasi usiolipwa haukuchorwa popote katika hati, na mkadiria hasara anapokuja dukani hana budi kutazama tukio limeelezwaje na vyombo vya dola. Hapo ndipo lugha kali tunayoishangilia baada ya vurugu inapotugeukia wenyewe. Baada ya Oktoba 29 mamia ya watu walifikishwa mahakamani kwa shtaka la uhaini, na katikati ya Novemba Rais akavitaka vyombo vinavyohusika na mashtaka viwatazame kwa huruma waliofuata mkumbo. Shtaka la jinai haliamui dai la bima, na mahakama ikiulizwa inaweza kusema hivyo, lakini kampuni inayotafuta sababu ya kutolipa itakuwa imepewa hoja ya kuanzia. Mfanyabiashara anayesimama mbele ya duka lake lililovunjwa na kudai kwamba waliolivunja wote ni waasi, wahukumiwe kama waasi, anapaswa kujua kwamba maneno hayo hayo yanaweza kuandikwa katika barua ya kumnyima fidia. Nimeyasikia maneno hayo kwa majirani ninaowaheshimu, na uchungu wao naujua.

Uingereza ilipitia mambo ya namna hii Agosti 2011, miezi mitatu tu kabla ya zile ghasia zetu za Mwanjelwa. Tarehe 4 polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan huko Tottenham, kaskazini mwa London. Tarehe 6 maandamano yakageuka ghasia, zikaenea hadi Croydon, Birmingham na Manchester. Hasira ya umma ikawa juu ya adhabu. Mahakama zilikaa usiku, mwanafunzi mmoja akafungwa miezi 6 kwa kuiba maji ya kunywa ya pauni 3.50, na vijana wawili wakapewa miaka 4 kila mmoja kwa kutoa Facebook wito wa ghasia ambao haukuzaa ghasia yoyote. Mahakama ya Rufani iliviacha vifungo vya hao wawili vilivyo. Ombi la kutaka waliotiwa hatiani wanyimwe posho za serikali lilipata saini zaidi ya 100,000. Lakini pamoja na ukali wote huo, nchi ile ilikuwa na sheria ya mwaka 1886 inayompa mwenye duka, hata asiye na bima, haki ya kudai fidia kwa mamlaka ya polisi ya eneo lake, kwa hoja kwamba amani ilikuwa mikononi mwao. Wengi walicheleweshewa malipo, na sheria hiyo ikabadilishwa mwaka 2016 kwa nyingine yenye ukomo wa pauni milioni 1 kwa dai, lakini wajibu wenyewe ulibaki. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na naona ni sheria ambayo jumuiya za wafanyabiashara zingepaswa kuipigania kwa nguvu ile ile wanayoitumia kudai kodi nafuu.

Mahakama zetu zinaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, na ni haki, lakini kijana aliyekamatwa na blanketi moja begani hawezi kulipa duka zima, na akishapelekwa gereza la Ruanda hapa Mbeya hawezi kulipa hata blanketi lile. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kitumikiwe kwa kazi za umma bila malipo. Kwa waliobeba maji au blanketi, mimi ningependa kuwaona wakizoa vioo na kupaka rangi soko walilolivuruga. Aliyechoma moto duka lenye watu ndani ni jambo lingine kabisa. Vivyo hivyo kwa polisi: ninawahitaji wafike mapema, na ninahitaji pia wajibu kwa risasi wanazofyatua, kwa sababu ghasia nyingi za mijini, kuanzia Tottenham hadi kwa wamachinga wetu, zilianza na jambo lililofanywa na walinda amani wenyewe.

Kwa upande wa nyaraka, uliza mapema watataka nini. Mimi niliambiwa RB (namba ya kumbukumbu ya kuripoti kituoni) na taarifa ya polisi, picha, risiti za EFD (mashine ya kodi) za manunuzi na daftari la mzigo, na kwamba taarifa itolewe haraka iwezekanavyo. Anayenunua mzigo Tunduma bila risiti ajue kwamba hataweza kuuthibitisha. Usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo, kwani mwenye mzigo wa milioni 60 aliyekata bima ya milioni 30 hulipwa nusu ya hasara, hata kama kilichoharibika ni cha milioni 10 tu. Nakala za risiti zitunzwe nyumbani, mbali na duka.

Machinga anayetandaza bidhaa chini hapati bima hii, kwa kuwa kampuni hudai anuani ya fremu, ukuta na mlango wa kufungwa. Yeye ndiye wa kwanza kukimbizwa, wa kwanza kutuhumiwa, na mzigo wake ndio wa kwanza kukanyagwa. Wakala wangu alisema hawana bidhaa kwa ajili yake. Kampuni zinazotaka kweli kuhudumia masoko ya Nyanda za Juu Kusini zianze na vikundi vya wamachinga waliosajiliwa, kwa ada ndogo ya kukusanywa pamoja, maana vitambulisho na viongozi wanao.

Kwa mwenye fremu, uamuzi wangu ni huu: kata bima hii, dai kipengele cha uporaji kwa maandishi, dai pia waandike tofauti kati ya ghasia na uasi, na wakikataa nenda kwa wakala mwingine. Ukinyimwa fidia, ofisi ya kanda ya TIRA ipo hapa Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kabla hujafikiria wakili.