Seli ya Raman iliyoshindwa na kiputo cha hewa

Sikukusudia kuandika chochote kuhusu seli ya elektrokemia, yaani chombo kidogo cha kupitishia umeme katika myeyusho, tuliyoinunua kwa ajili ya hadubini yetu ya Raman, ile inayotambua molekuli kwa mwanga wa leza zinaoutawanya, lakini jibu la wakala aliyetuuzia limenikaba kooni.

Kazi yenyewe ni hii: elektrodi ya fedha hutumbukizwa katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu wenye piridini kidogo, kemikali tunayoichunguza, potenshiostati, kifaa kinachodhibiti volteji ya elektrodi, hubadilisha volteji hiyo hatua kwa hatua, na leza hupitishwa kwenye dirisha la kioo ili mwanga unaorudi ueleze ni molekuli gani zimeushika uso wa metali. Maji hutoa ishara dhaifu ya Raman, ndiyo maana njia hii huyavumilia, ilhali mwanga wa infraredi humezwa nayo. Wanakemia Fleischmann, Hendra na McQuillan waliichapisha kazi ya namna hii kutoka Southampton mwaka 1974, na hilo ndilo linalonikera zaidi: miongo yote hiyo imepita, na mtengenezaji wa leo ameshindwa kutoboa tundu la upana unaofaa.

Maana tatizo lote ni tundu. Mfereji unaounganisha elektrodi rejea, ile ambayo volteji hupimwa kwa kulinganishwa nayo, na chumba cha seli ni mwembamba mno, hivyo hunasa kiputo cha hewa ambacho huwezi kukiona, kwa kuwa mwili wa seli ni wa plastiki nyeupe isiyopitisha nuru. Kiputo kikikata mawasiliano, potenshiostati haijui tena elektrodi iko kwenye volteji gani, nayo husukuma umeme hadi ukomo wa uwezo wake. Ikielekea upande chanya, fedha huyeyuka; ikielekea upande hasi kupita kiasi, uso tulioparuza kwa subira, kwa kuiyeyusha fedha kidogo na kuirudisha, hupoteza vinundu vinavyoikuza ishara mara laki moja hadi milioni, wala haviponi hata volteji ikirejeshwa ilikoanzia. Nimeitazama mistari ya piridini kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga unaorudi, ule wa karibu na 1,008 na ule wa 1,036 kwa sentimita, ikizama katika kelele za kipimo, nikajua kwamba kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Nilimpigia wakala nikamweleza yote haya kwa adabu. Akanijibu, “Dada yangu, hicho ni kifaa cha wataalamu. Kitikise tu kidogo, halafu nipe mkubwa wako nizungumze naye.” Mkubwa gani? Sahihi iliyo kwenye hati ya ununuzi ni yangu. Na atikisaye seli iliyokaa chini ya lenzi hupoteza mahali leza ilipolengwa, jambo ambalo muuzaji wa vifaa hivi angepaswa kulijua kabla ya kupokea fedha za watu.

Sitaki kuidhulumu seli yenyewe. Dirisha lake halijawahi kuvuja hata tone, na tabaka la myeyusho kati ya kioo na elektrodi ni jembamba kiasi cha kuikusanya nuru vizuri. Kiputo kisipoingia, spektra hutoka safi kabisa: kila ninaposogeza volteji, uwiano wa mistari ile miwili hubadilika papo hapo, nami huweza kuketi muda mrefu nikitazama tu, bila kuandika chochote. Katika siku moja ya namna hiyo nilifikia kuipa nyota nne, na hasira zangu kwa wakala nikaona ni jambo la pembeni.

Kisha ikaja barua pepe yake. Anasema mtengenezaji sasa anacho kifuniko chenye mfereji mpana zaidi, yaani wamelijua kosa hilo na wamekwisha kulirekebisha, ila kifuniko hicho kinauzwa kando, na ankara ameiambatisha. Ameielekeza kwa “Mkuu wa Maabara, Bwana” na kuacha nafasi ya jina. Nyota moja, nayo ni ya dirisha.