Mashine ya kuongeza unyevu nyumbani: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha mwisho

Kabla ya kununua mashine ya kuongeza unyevu, nunua kwanza kipima unyevu, kile kifaa kidogo cha bei nafuu kinachoonyesha asilimia ya unyevu hewani, kisha ukiache chumbani kwa wiki nzima. Watu wengi hustarehe unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Ukishuka chini ya 30, midomo hupasuka, koo huamka limekauka na mbao za samani huanza kunywea. Ukizidi 60, kuvu huota ukutani na utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, hustawi. Anayekuta kipima chake kinasoma 55 bila msaada wa mashine yoyote hana haja ya kuendelea kusoma, na fedha zake zibaki mfukoni.

Ukavu mkali zaidi hutokea pale hewa ya baridi kutoka nje inapoingia ndani na kupashwa moto. Hewa ya nyuzi 0 za selsiasi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 4.8 hivi za maji katika kila mita ya ujazo, ilhali ya nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17.3, kwa hiyo hata hewa iliyoshiba unyevu huko nje itasoma asilimia 28 tu ikishafika sebuleni. Hesabu hiyohiyo hutusaidia kujua ukubwa wa mashine inayofaa. Chumba cha mita 20 za mraba chenye dari ya mita 2.5 kina mita 50 za ujazo, na kukipandisha kutoka asilimia 25 hadi 45 kunataka takriban gramu 170 za maji. Ikiwa nusu ya hewa yake hubadilika kila saa, kukibakiza hapo kunataka karibu gramu 90 kwa saa. Mashine inayotoa mililita 200 kwa saa inakitosha. Soma basi kiasi kinachotolewa kwa saa, si ujazo wa tangi, kwa maana tangi hueleza tu utajaza maji mara ngapi.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya utambi yenye kihisi cha unyevu na uwezo wa kujiendesha. Ndani yake feni hupitisha hewa kavu kwenye utambi mpana uliolowa, na maji huondoka yakiwa mvuke usioonekana, huku chokaa na madini mengine yakibaki kwenye utambi. Sifa yake kubwa ni kwamba hujizuia yenyewe, kama nguo zilizoanikwa ambavyo hukauka polepole siku yenye unyevu: kadiri hewa ya chumba inavyoshiba, ndivyo uvukizaji unavyopungua, na ni vigumu kuigeuza nyumba kuwa bwawa. Feni haitumii umeme mwingi. Hata hivyo, mnunuzi ajue kwamba kila lita inayovukizwa hunyonya hewani joto linalokaribia uniti 0.7 ya umeme. Mahali penye joto na ukavu ubaridi huo ni nyongeza ya bure, lakini mahali pa baridi gharama yake hulipwa na kipasha joto.

Neno “janja” katika tangazo lisikubabaishe. Kuna mambo mawili ninayoyalipia kwa moyo mweupe: mashine kupunguza kasi au kujizima unyevu ukifika kiwango ulichoweka, na feni kuendelea kuzunguka maji yakiisha hadi utambi ukauke, kwa sababu utambi uliokaa umelowa bila hewa ndio unaoleta harufu mbaya. Kuiwasha kwa simu ukiwa mbali ni pambo tu, tena pambo lenye kasoro, kwani maji yaliyolala ndani ya tangi kwa siku kadhaa hayafai kuvukizwa. Hakikisha vitufe vya kwenye mashine vinafanya kazi zote muhimu hata intaneti ikikatika, na kwamba umeme ukirudi mashine hukumbuka kiwango ulichokuwa umekiweka. Kihisi kilichojengwa ndani hupima hewa inayokizunguka, ambayo huenda isifanane na hewa ya kitandani. Aina yenye kihisi cha pekee kinachowekwa upande wa pili wa chumba ni bora zaidi. Ukitaka kujua kama kipima chako kinasema kweli, weka chumvi ya mezani kwenye kizibo, iloweshe hadi iwe kama uji mzito, ifunge pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na baada ya saa kama 12 kinapaswa kusoma karibu asilimia 75.

Ya pili ni mashine ya utambi ya kawaida, yenye swichi ya kuzungusha na isiyo na kihisi. Kwa kuwa kazi ya uvukizaji ni ileile, mtu anayekitazama kipima chake mara mbili kwa siku hatapoteza mengi kwa kuichagua.

Ya tatu ni ile inayochemsha maji. Mvuke wake ni safi na uchemshaji huua vijidudu, ila kila lita hula takriban uniti 0.7 za umeme, na maji yake ya moto ni hatari. Penye watoto wadogo naishusha hadi nafasi ya mwisho.

Ya nne ni ya altrasoniki, inayopasua maji kwa mtetemo hadi yawe ukungu. Ni kimya na nafuu, ndiyo maana hununuliwa sana, lakini ukungu huo hubeba kila kilichomo majini: madini hutua juu ya meza yakiwa vumbi jeupe, na vijidudu huvutwa mapafuni. Huko Korea Kusini, mwaka 2011, ilibainika kwamba dawa zilizotiwa kwenye maji ya mashine za unyevu ili kuua vijidudu ndizo zilizosababisha maradhi makali ya mapafu na vifo. Usitie dawa wala manukato kwenye maji ya mashine ya aina yoyote, na hii ya altrasoniki itumie kwa maji yaliyokenekwa pekee, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kurudishwa kuwa maji yasiyo na madini.

Ukichagua ya utambi, uliza bei ya utambi wa akiba kabla ya kulipa. Utambi mmoja hudumu mwezi 1 hadi 3 kutegemea ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa na madini ndani yake, hivyo gharama ya mwaka huweza kuipita tofauti ya bei kati ya mashine mbili ulizokuwa ukizilinganisha. Tangi limwagwe na kujazwa upya kila siku, lisuguliwe kwa siki kila wiki, na lisuuzwe vizuri. Mashine ambayo mdomo wa tangi lake hauingizi mkono irudishe rafuni.