Kitabu cha mama yake Bob Marley: kina majina mawili, usikinunue mara mbili

Anayekisaka kitabu cha Cedella Booker, mama mzazi wa Bob Marley, kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta na Samora jijini Dar, ajue hili kabla ya kutoa hela: kitabu ni kimoja, majina mawili. Kilitoka 1996 kikiitwa Bob Marley: An Intimate Portrait by His Mother, kikachapwa tena baadaye kwa jina la Bob Marley, My Son. Mwandishi mwenza ni yuleyule, Anthony Winkler. Muuzaji akikuambia la pili ni mwendelezo wa la kwanza, mshukuru uendelee na safari.

Halafu kikague. Unyevu wa Dar hauelewani na gundi ya vitabu vya jalada laini. Kifungue mwanzo, katikati na mwisho, taratibu. Ukisikia mgongo unalia, kurasa zitaanza kunyofoka kabla hujafika mbali. Fuatisha namba za kurasa, maana zilizodondoka huwa hazirudi. Kurasa za karatasi ya kung'aa zikiwa zimegandana, usizibandue hapohapo kwa kucha: ule mpako wa juu ukishalowa hugeuka gundi, utaondoka na nusu ya picha. Hiyo ni sababu ya kushusha bei, na nzito.

Sasa yaliyomo. Uzito wa kitabu uko mwanzoni, kabla Bob hajawa Bob. Cedella alizaliwa 1926 parokia ya St. Ann, Jamaica, binti wa Omeriah Malcolm, mkulima aliyeheshimika pia kwa tiba za mitishamba. Akaolewa na Norval Marley, mzungu aliyemzidi umri kwa miongo mingi, ambaye hakukaa kumlea mtoto. Bob alizaliwa Februari 6, 1945, mama akiwa na miaka 18. Mtoto alipofika miaka kama mitano, baba akamchukua kwenda Kingston kwa maelezo kwamba anampeleka shule. Kumbe aliachwa kwa bibi mmoja mzee, na mama alikaa muda mrefu bila kujua mwanawe yuko wapi. Hapo msomaji asikimbize macho. Waandishi wengi wa maisha ya Bob hupita kisa hiki kwa aya moja. Mama ndiye mwenye haki ya kukaa nacho.

Baadaye, huko Kingston, mama alifanya kazi za ndani ili watu wale, wakaishi Trench Town, mtaa wa watu maskini. Alitaka mwanawe awe na fundi wa kumfunza kazi ya mikono, akamwingiza kwenye kuchomelea vyuma. Chembe ya chuma ikamwingia jichoni. Yeyote aliyepita mtaa wa Gerezani, Dar, akaona kijana anachomelea huku amefumba jicho moja badala ya kuvaa miwani anajua inavyokuwa. Mwaka 1962 Bob alirekodi wimbo wa Judge Not kwa prodyuza Leslie Kong, na habari za kuchomelea zikaishia hapo.

Anayetaka habari za studio, nani alipiga besi, nani alipanga sauti, atabaki na njaa. Mama hakuwepo. Wakati The Wailers, kundi la Bob, wanapanda chati Jamaica, yeye alikuwa Wilmington, Delaware, Marekani, ameolewa na Edward Booker. Bob alimfuata huko 1966, siku chache tu baada ya kumwoa Rita, akafanya vibarua, kikiwemo cha kiwanda cha magari cha Chrysler. Ukifika sehemu hiyo weka wimbo wake Night Shift wa 1976: ni zamu ya usiku na foklifti ya Delaware. Na Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia anayetukuzwa na Marasta, alipotua Jamaica Aprili 21, 1966, Bob hakuwepo uwanja wa ndege; alikuwa kwa mama yake. Jina la mama nalo lilibaki kwenye ukoo: binti wa Bob na Rita, Cedella Marley, ni somo wa bibi yake.

Sehemu ya mwisho inauma kwa sababu nyingine. Bob alifariki Miami, Mei 11, 1981, bila wosia. Sheria ya Jamaica ilitazama mjane na watoto; mama hakuwa mrithi, na hata nyumba ya Miami aliyokuwa akiishi ikaingia kwenye mvutano kwa kuwa ilihesabiwa mali ya marehemu. Kwa mirathi ya Kiislamu mama wa marehemu aliyeacha watoto ana sudusi yake, yaani sehemu moja ya sita, haiguswi. Nje ya hapo, mtoto anayemjengea mama nyumba aandike hati kwa jina la mama, akiwa hai.

Kiingereza cha kitabu ni chepesi hadi watu waanze kuongea, ndipo patwa, lugha ya mitaani ya Jamaica, inaingia. Isome kwa sauti. Sikio litaishika haraka kuliko jicho.

Mama mwenyewe aliimba, kanisani kwanza, baadaye kwenye santuri. Awake Zion ni ya wapenzi wa reggae. Penye watoto nyumbani anza na Smilin' Island of Song, aliyoifanya na Taj Mahal: nyimbo za kitoto za visiwani, hazichoshi hata zikirudiwa mara ya kumi asubuhi hiyohiyo.