Kamba ya kuruka yenye shanga: kwa mtoto anayeanza, chukua hii

Kamba ya shanga za plastiki inaishinda ile nyembamba ya mpira. Uzito wake huifanya izunguke bila kujikunja, na ule mlio wa ta-ta-ta sakafuni humpa mtoto mapigo ya kufuata.

Wengi hukosea urefu. Akanyage katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike makwapani. Ikizidi hapo itamnasa miguuni. Toa shanga chache, kisha funga fundo upya ndani ya kishikio. Fundo hilo ndilo udhaifu wake: hulegea, na kishikio kikachomoka kinaruka kama jiwe. Likague kila wiki.

Kwenye saruji ya kukwaruza shanga hupasuka upesi. Aruke sekunde 20, apumzike 40, mara nane, jasho litamtoka. Chumba chenye taa ya kuning'inia, sahau.