Kirby's Pinball Land ya Game Boy: ukianguka, subiri kwanza

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Hii hapa mkononi ni kaseti ya Game Boy, kile kifaa kidogo cha gemu cha kampuni ya Nintendo. Kaseti inaitwa Kirby's Pinball Land, ya mwaka 1993. Nimeicheza wiki mbili kabla sijawasha kamera, maana gemu ya pinboli huwezi kuihukumu kwa siku moja. Siku ya kwanza kila mtu anadhani ni bahati tu.

Kwa asiyemfahamu, Kirby ni kile kidude cha mviringo cha rangi ya waridi, kazi ya HAL Laboratory ya Japani. Kwenye gemu zake za kawaida anatembea, anaruka, anawavuta maadui mdomoni na kuwameza kama tonge la ugali. Gemu yake ya kwanza ilitoka 1992, ya pili 1993, na mwaka huohuo haujaisha wakamfanya mpira. Ukimtazama vizuri unaona haikuwa kazi kubwa, alikuwa mpira tangu alipozaliwa! Na HAL hawakuwa wageni wa mambo haya. Walishatengeneza gemu ya pinboli ya Nintendo mwaka 1984, kisha wakatengeneza nyingine ya Game Boy iliyojaa mamba.

Najua wengine mnaonitazama hamjawahi kuona meza ya pinboli, wengi wetu tumekulia kwenye brick game. Ni meza iliyoinama, mpira wa chuma unaporomoka kuja kwako, na chini una vibao viwili vya kuupiga urudi juu. Hapa kidole gumba cha kushoto kinaongoza kibao cha kushoto, cha kulia kinaongoza cha kulia. Basi, umeshajua kucheza.

Uzuri wake uko kwenye mpangilio. Una dunia tatu, na kila dunia ni kama nyumba ya ghorofa tatu: skrini ya chini, ya kati, ya juu, kila moja na vibao vyake. Unampandisha Kirby ghorofa hadi ghorofa, na kule juu kuna nyota, ileile anayoipanda kwenye gemu zake nyingine, inayompeleka kwa bosi, yaani adui mkubwa wa dunia hiyo. Wapo Whispy Woods, ambaye ni mti wenye uso, na Kracko, wingu lenye jicho moja, na yule mrusha mabomu, Poppy. Ukiwamaliza wote watatu ndipo unakutana na King Dedede, bosi wa mwisho. Kwa hiyo hukusanyi alama tu, kuna mahali unakwenda. Ukiporomoka kutoka ghorofa ya tatu unajikuta ya pili, hufi, ila inauma, hasa kama ulishaiona nyota.

Sasa tazameni hapa, hiki ndicho kilichonifanya nirekodi video hii. Napunguza kasi ya picha. Kirby yuko ghorofa ya chini kabisa, anapita katikati ya vibao. Kwenye pinboli ya kawaida hapo mpira umeliwa. Hapa anatua kwenye ubao wa springi, na ukibonyeza wakati uleule unaotakiwa, paa, anarushwa juu na mchezo unaendelea. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Na kila ukiokoka, mara inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Siku za mwanzo nilikuwa nabonyeza kwa hofu, mara tu ninapomwona anaanguka. Nikaja kujifunza kumwacha atue, macho kwenye ubao, kidole kimetulia. Nawaambia kweli, nusu sekunde ile ina raha kuliko kumpiga bosi.

Kasoro zipo. Kirby hana ule ukali wa mpira wa chuma, kuna nyakati anashuka polepole mpaka unakereka, na kulenga kona fulani kwa makusudi ni kazi. Ghorofa za kati naona hazikupewa uangalizi kama nyingine. Na dunia tatu ni chache. Ukishazizoea, jioni moja inatosha kumfikia Dedede.

Kuhusu kifaa chenyewe, Game Boy ya kwanza haina taa ya skrini. Una nukta 160 kwa 144 na rangi nne tu za kijivu na kijani, ile waridi ya Kirby utaiona kwenye boksi. Hata hivyo hapa hupotezi mpira machoni, kwa sababu skrini haisogei: Kirby akitoka juu, picha inabadilika mara moja. Nadhani huo ni uamuzi bora kabisa waliofanya. Cheza karibu na dirisha mchana.

Mnaotaka kununua: kwenye duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, kifaa cha baadaye cha Nintendo, iliwahi kuuzwa, ila duka hilo lilifungwa 2023. Kaseti yangu ni ya mtumba. Ilipofika haikuwaka mpaka niliposafisha meno yake kwa pamba na spiriti, kidogokidogo, nikaiacha ikauke. Ndani ina kibetri cha kutunza alama, na baada ya miaka 30 vingi vimekufa, kwa hiyo muulize muuzaji. Changu kizima. Nilipoiwasha nilikuta alama za juu za yule aliyeimiliki kabla yangu bado zimo, na wiki mbili zote hizi sijazifikia. Usiku huu najaribu tena.