Fundi wa chokaa wa Mji Mkongwe: nyota nne, na langu moja kuhusu mwongozo wa ujenzi

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mambo madogo madogo nitakayoyaeleza, lakini kazi yenyewe haina kasoro.

Nyumba yetu ipo Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Zanzibar, ni ya urithi, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Marehemu ami yangu aliupiga ukuta wa njiani lipu ya saruji, enzi zile saruji ndiyo ilikuwa maendeleo. Tangu hapo ukuta haukauki. Ukipaka rangi inavimba, inabanduka, unapaka tena. Kila fundi niliyemwita alikuja na mfuko mwingine wa saruji. Huyu mzee alikuja na nyundo tu. Aligongagonga ukuta mzima, kila aliposikia utupu akachora duara kwa mkaa, kisha akawaachia vijana wake tindo. Nyuma ya saruji tulikuta unga mweupe wa chumvi, na ncha ya boriti moja imelainika mpaka kidole kinazama. Akaniita nije nitie kidole mwenyewe. "Mwanangu, maji yakiingia lazima yapate pa kutokea. Ami yako aliyafungia ndani."

Chokaa yake haitoki dukani kwenye mfuko. Anailoweka shimoni muda mrefu, na kabla ya kuitumia anaikatakata kwa jembe. Ikibaki na punje anairudisha. Ikilainika ikang'ang'ania jembe kama gundi, ndipo anaichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta unarushiwa maji kwanza, lipu inapigwa tabaka kwa tabaka, nyembamba, na kila tabaka linafunikwa magunia mabichi lisikauke kwa pupa likapasuka. Juu kabisa anamalizia na niru, lipu laini ya chokaa. Nimepitisha kiganja pale: ni laini, baridi, na msimu huu wa mvua haukuvimba popote.

Sasa kasoro. Bei ni karibu mara mbili ya wale wa saruji, na haandiki makadirio, anakutajia tu huku anaondoka. Ukiuliza kazi itakwisha lini, anaangalia mawingu. Vumbi la chokaa liliingia hadi kwenye kabati la vyombo. Na ndoo zangu mbili za jikoni sijaziona tena!

Lakini kuna jambo ambalo si kosa lake. Lipu haijamaliza kukomaa, mashine ya kiyoyozi ya nyumba ya wageni jirani ikaanza kuidondoshea maji. Tone kwa tone, mchana kutwa, na sasa kuna mchirizi wa kijani kutoka juu mpaka kwenye baraza. Mzee aliutazama, akasema anaweza kuikwangua na kuipiga upya, ila mashine ikibaki pale atakuwa anakula pesa yangu bure. Wangapi wangekataa kazi ya kulipwa?

Ndiyo maana kila nikisikia habari ya kuhuisha mwongozo wa ujenzi wa Mji Mkongwe, ninaomba uanze na maji. Mpango mkuu wa hifadhi ni wa mwaka 1994, UNESCO walitutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nani wakati ule alikuwa na kiyoyozi kila chumba? Watu hubishana kuhusu rangi ya dirisha na nakshi za mlango, na mimi nazipenda hizo nakshi, lakini hakuna nyumba iliyoanguka kwa sababu ya rangi ya dirisha. Andikeni wazi: mashine ya kiyoyozi ikae upande wa ua wa ndani, na maji yake yapitishwe kwenye bomba mpaka chini. Andikeni habari ya matangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja, na vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina urefu wake, kama mita tatu hivi. Halafu mtu anapandisha matangi mawili juu ya dari hiyo na hakuna anayemuuliza. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake mchana tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, wakafa watu wawili. Baada ya siku ile sidhani kama kuna haja ya kumweleza mtu uzito ni nini.

Na mkishaandika kwamba chokaa ni lazima, wekeni na orodha ya mafundi wanaoijua. Mimi huyu nilimpata kwa kuulizia msikitini.

Kwa mwenye haraka, au anayetaka kupangisha mwezi ujao, huyu si fundi wenu. Kwa mwenye nyumba ya mawe inayotoka jasho, mwiteni mapema, kwa sababu wakati wa masika hapigi lipu ya nje na baada ya hapo foleni yake ni ndefu. Msimpigie simu. Hapokei, mikono ina chokaa. Mtumieni ujumbe wa sauti, atausikiliza baada ya Isha.